Kimya cha Nadhira

Shemeji yangu Ishaka aliuliza mara tatu, kama inavyotakiwa. Alisimama nje ya pazia la chumba cha mwanangu, kofia kichwani, bakora mkononi, akasafisha koo.

"Nadhira binti Yusuf. Mimi ami yako, na ndiye walii wako baada ya marehemu baba yako. Amekuja Muhannad bin Abdullatif, wa Pangani, anakuposa. Unaridhia nikuoze kwake?"

Kimya.

Mimi nilikuwa ubavuni mwake, nimeshika pindo la pazia na kulisogeza kidogo, aone kama mtoto yumo. Alikuwemo. Amekaa mkekani, mgongo ametupa sisi, uso kwenye televisheni yake ndogo, ushungi mweusi umemfunika kichwa mpaka mabegani. Televisheni inawaka lakini haitoi sauti. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, nimelea. Mtoto ameizima sauti ili amsikie ami yake.

Ishaka akauliza mara ya pili. Kimya. Akauliza mara ya tatu, na safari hii nikaona kichwa kinainama, mabega yanatikisika, mkono unapita chini ya ushungi kufuta macho.

"Analia," Ishaka alininong'oneza, na yeye mwenyewe sauti ilimlegea. "Machozi ya mwari hayo. Idhini ya mwanamwali ni kimya chake, ndivyo tulivyosomeshwa chuoni. Mungu awajaalie kheri."

Bi Mina, somo yake Nadhira, alikuwa nyuma yetu anasubiri neno hilo tu. Alipiga kigelegele kikafika barazani kwa wanaume, na wanaume wakaitikia kwa takbiri.

Hapo inafaa nieleze jambo kwa asiyezijua nyumba zetu za mji mkongwe wa Bagamoyo. Mama hasemi na bintiye habari za kuposwa. Haya zinatuzuia, mimi na yeye. Kwa hiyo kuna somo, mwanamke wa kumfunda mwari na kumfikishia maneno kama hayo. Nilimtuma Bi Mina siku moja kabla, akakaa naye chumbani, akatoka amejaa furaha. "Nimempa maneno yote," aliniambia. "Hakusema neno, anatikisa kichwa tu. Mtoto ana haya huyo, utadhani wa enzi zetu." Mimi kwa upande wangu nilimwambia Nadhira kwamba kesho baada ya alasiri tuna wageni. Akanijibu, "Sawa Mama, lakini mimi saa hizo nitakuwa na kazi yangu chumbani." Nikafurahi. Nilijua mwari hakai sebuleni siku ya posa yake.

Sebuleni alikuwa amekaa Bi Ghalia, mama wa Muhannad, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo. Wao ni watu wenye asili ya Oman, wana duka la vitambaa Pangani, na hawajasikika kwa ubaya. Aliposikia kigelegele alinyanyuka, akanikumbatia, akaniwekea mapajani kitambaa cha hariri kilichokunjwa vizuri na kufukizwa udi. Ndio mkaja wangu, wa tumbo lililomzaa Nadhira. Ukiupokea mkaja umeshamtoa mtoto. Niliupokea. Ulikuwa unanukia mpaka machozi yakanitoka, nikamkumbuka Yusuf.

"Basi mlete mwanangu anipe mkono," Bi Ghalia alisema. "Nimetoka Pangani kwa ajili yake."

Nikaenda kumleta.

Karibu na pazia nikasikia mtu anaongea. Sauti ya mwanamke, kavu, yenye kicheko ndani yake, kama mwenye duka anayemjua mteja mkorofi. Nikasimama. Ilikuwa sauti ya Nadhira, na nilikuwa sijapata kuisikia hivyo.

"Tulieni, wanangu, tulieni, nasoma mnayoandika. Tuanze na gemu la mpira. Msidanganyike. Wamebadilisha jezi, wamewanyoa wachezaji, kipa ni yuleyule wa mwaka jana, anaruka mpira ukishatulia wavuni. Hilo si gemu jipya. Hiyo ni kanzu ya zamani imepigwa pasi."

Nikasogeza pazia kwa kidole. Ushungi ulikuwa umemwangukia mabegani. Na masikioni mwake, subhanallah, kulikuwa na madude mawili meusi makubwa kama vifuu vya nazi, yameunganishwa kwa utepe uliopita utosini, na kutoka kwenye kifuu kimoja kijiti kidogo kimekuja mpaka mdomoni. Mkononi ameshika pedi yake ya kuchezea, yenye vifundo vya kubonyeza. Televisheni inaonyesha mtu mwenye bunduki anakimbia, na hakuna hata sauti ya nyayo.

"La wanajeshi," akaendelea, "bunduki zimeongezeka, akili haijaongezeka. Adui anakusubiri nyuma ya pipa lilelile, mwaka wa ngapi huu? Mimi nawaachia pipa lao. Lakini lile la farasi mwenye mabawa, wallahi nimelipenda. Ukianguka unajua umeanguka kwa kosa lako. Gemu zuri ni lile linalokushinda kwa haki."

Kisha sauti yake ikashuka.

"Na sasa letu. Lile la kujenga mji wa pwani. Mmeona wenyewe, wametuonyesha nyumba za matumbawe, milango ya nakshi, mpaka paka juu ya ukuta, kisha wakaandika kwamba wameliahirisha tena. Mwaka mwingine mzima. Nimelia, na sioni haya kusema. Nimelisubiri tangu baba yangu yuko hai. Alisema likitoka yeye atajenga soko, mimi nijenge bandari."

Nilishika mwimo wa mlango. Yale machozi, basi. Yale tuliyoyapigia takbiri.

"Kuna mtu hapa, Mlinda Bandari, anasema yeye ameshalilipia. Ndugu yangu, nikuambie mara ngapi? Usikilipie kitu ulichoonyeshwa picha yake tu. Pichani kila gemu ni zuri. Ngoja litoke. Lishike mkononi, likukere, likuudhi, ndipo utajua kama utaweza kuishi nalo."

Niliingia nikamgusa bega. Aliruka kama aliyeguswa na pweza, akakinyanyua kifuu kimoja.

"Mama! Ngoja kidogo, niko hewani."

"Hewani wapi?"

"Naongea na watu."

"Watu gani, Nadhira? Wako wapi?"

"Popote. Dar, Tanga, Mombasa. Leo wako elfu nne na zaidi, maana leo ndiyo siku ambayo viwanda vya magemu vinaonyesha yanayokuja, na watu wanataka kujua nasemaje."

Nilivuta mtandio wangu usoni bila kujua. "Wanatuona?"

"Hawatuoni. Wanaona magemu. Wananisikia sauti tu."

"Elfu nne," nikasema. "Msikiti wa Ijumaa haujai hivyo. Mimi nilijua unawasomesha watoto tuisheni!"

"Mimi sijakwambia tuisheni hata siku moja. Nilikwambia nachambua magemu, ukaniambia Mungu akujaalie."

Ilikuwa kweli. Ile mashine yake ya magemu aliileta baba yake kutoka Maskati, ikakaa chini ya televisheni, nami miaka yote nikidhani ni kitu cha kusafishia picha. Wao wawili walikuwa wakijifungia baada ya chakula cha mchana, nasikia vicheko, nami nakaa uani nashona kofia zangu. Mimi ninayejisifu kwamba tundu moja likikosewa kwenye kofia naliona kutoka mlangoni.

Lakini hayo yangengoja. "Nadhira," nikamwambia, "umemsikia ami yako?"

"Ami Ishaka amekuja?"

"Amesimama hapo mlangoni. Amekuuliza mara tatu."

"Ameniuliza nini?"

"Na kigelegele hukukisikia?"

"Kigelegele gani? Kwani kuna nani anaolewa?"

Nilimtazama. Mtoto huyu hajui kuigiza. Alikuwa ananitazama kama mtu anayeuliza habari za jirani.

"Wewe," nikasema.

"Mama, usinitanie."

"Wa Pangani wako sebuleni. Mkaja nimeupokea. Somo yako alikwambia jana, ukatikisa kichwa."

"Jana Bi Mina alikuja? Nilimwona amekaa hapo anasogeza midomo, nikadhani anasoma uradi wake! Nilikuwa nachezesha kichwa kwa muziki wa gemu." Aliweka mkono kifuani. "Mama. Nimekubali lini?"

"Uliponyamaza."

"Sikunyamaza! Sikusikia!"

"Na ulipolia."

"Nililia gemu!"

Akanishika kanga. "Mama, nimeshaolewa?"

"Bado. Ndoa haijafungwa. Lakini jibu lako limeshakwenda."

Sikungoja aseme jingine. Nilitoka, nikaurudisha mtandio vizuri, nikafika sebuleni. Mkaja ulikuwa juu ya kiti pale nilipouacha. Niliuchukua kwa mikono miwili, nikauweka mkekani mbele ya Ishaka, aliyekuwa anakunywa kahawa.

"Shemeji," nikasema, "hatukujibiwa."

Kikombe kilisimama hewani. Bi Ghalia akaacha kutafuna halua.

Nikawaeleza. Nilieleza polepole, kuanzia vifuu vya masikioni mpaka machozi. Nilipomaliza, alizungumza kwanza Bi Mina, na alizungumza kwa hasira.

"Mimi nilimwambia! Akatikisa kichwa, Mungu shahidi!"

"Masikio yake uliyaona?"

"Nitayaonaje masikio ya mwari chini ya ushungi? Mimi somo, Mardhiya, si daktari!"

Ishaka aliweka kikombe chini. "Shemeji, kigelegele kimefika mpaka kwa wauza samaki. Unataka nikapite na kikapu nikikusanye?" Kisha akashusha sauti. "Mtoto ameulizwa mara tatu mbele ya mama yake, amekaa kimya. Sheria imetimia. Habari za masikio nani anazijua? Wewe na mimi na hawa tuliomo humu. Kijana ni mtu wa dini, ana kazi, na sisi hatuna baba wa kumlinda mtoto. Usiniaibishe mbele za watu kwa ajili ya mchezo wa televisheni."

"Bi Mardhiya," Bi Ghalia akasema kwa ile sauti yake ndogo, "kama hamtutaki, semeni hamtutaki. Sisi si watu wa kuwekewa mkaja miguuni."

Hilo lilinichoma. Nami nilimpenda mwanamke yule, na nilimtaka mwanawe, naapa. Tangu Yusuf afariki dua yangu ilikuwa hiyo, mtoto apate mtu wa kumsitiri kabla Mungu hajanichukua. Ningekaa kimya tu, ingekuwa imetimia. Nilitazama ule mkaja.

"Dada yangu, tunakutakeni," nikasema. "Lakini asiyeisikia adhana huwezi kusema ameiitikia. Shemeji, wewe umesoma kuliko mimi, mimi niliishia darasa la saba na juzuu zangu za chuoni. Niambie. Siku tutakayosimamishwa mbele ya Mola, nikaulizwa niliridhishwa na nini nikamtoa mwanangu, nijibu kimya? Kimya gani? Cha vifuu vya plastiki?"

Sauti ilikuwa imenipanda. Hapo nikasikia mtu anasema mlangoni, "Hodi. Mama zangu, hodi."

Tukajifunika. Alikuwa kijana mrefu, kanzu nyeupe, uso umemsawijika, simu mkononi. Muhannad mwenyewe. Posa haziingiliwi hivyo. Bwana harusi mahali pake ni barazani.

"Samahani," alisema. "Naomba msibishane. Nimeshasikia yote. Hakuizima."

"Nani hakuizima nini?" Ishaka akauliza.

Kabla hajajibu, simu ikajibu. Ikatoka sauti ya mwanamke mzee mwenye hasira, ya mbali kidogo, kama anaongea ndani ya mtungi: "... nijibu kimya? Kimya gani? Cha vifuu vya plastiki?"

Ilikuwa sauti yangu. Mdomo wangu umefungwa, na sauti yangu inatoka mkononi mwa kijana wa watu. Nikasema audhubillahi kwa nguvu, na wallahi muda mdogo baadaye simu nayo ikasema audhubillahi.

Bi Mina alikaa chini bila kutazama kama kuna kiti. Kutoka chumbani tukasikia Nadhira, "Yarabi, haijazimwa!" kisha simu ikafa. Kumbe kile kijiti cha mdomoni kilikuwa bado kinapeleka sauti zetu hewani. Watu elfu nne, Dar, Tanga na Mombasa, walikuwa wamehudhuria posa ya mwanangu kuanzia "niko hewani" mpaka hapo.

Wa kwanza kupata kauli alikuwa Bi Ghalia. Alimgeukia mwanawe. "Na wewe simu yako imefika vipi chumbani kwa watoto wa watu?"

"Mimi humsikiliza, Mama. Siku nyingi. Hatujawahi kusema naye, humwandikia kama wengine." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Nilikuwa sijui ni nani. Siku moja nikasikia adhana nyuma yake, naijua sauti ya yule mwadhini, nikajua ni mji mkongwe. Siku nyingine mama mmoja akaita, Nadhira, samaki wako anaungua. Basi nikauliza."

Samaki huyo namkumbuka. Alikuwa changu mkubwa.

"Wewe uliniambia umesikia sifa zake!"

"Nilisikia, Mama. Nilizisikia kutoka kwake mwenyewe."

Ishaka alishika kichwa kwa mikono miwili. Kijana akamwendea, akachuchumaa mbele yake. "Mzee wangu, sitaki mke asiyeulizwa. Muulize tena. Akisema hapana, nitaondoka na heshima zangu."

Ishaka akaichukua bakora yake, akanyanyuka. "Haya," akasema. "Lakini safari hii, Mardhiya, nataka nione masikio."

Niliingia chumbani, nikamkuta Nadhira amejikunyata pembeni ya kitanda. Niliuvuta ushungi nyuma ya masikio yake, nikavichukua vile vifuu, nikavishika mwenyewe mkononi. Ishaka akaingia, kwani ami si mtu wa kumfichia uso. Akayaona masikio. Kijana, mama yake na Bi Mina wakabaki nje ya pazia.

"Nadhira binti Yusuf," Ishaka alianza, na aliyasema yote tena, neno kwa neno, kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto.

"Ami, nimesikia," Nadhira akasema. "Naruhusiwa kumwuliza neno kwanza?"

Ishaka akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. "Uliza."

"Wewe uliyeko nje, unaniandikia kwa jina gani?"

"Mlinda Bandari."

Niliona mwanangu anauma mdomo, nusu kicheko nusu sijui nini. "Umelilipia gemu ambalo halijatoka."

"Ndiyo."

"Hujalishika. Umeona picha tu."

"Ndiyo."

"Na mimi umeniposa umesikia sauti tu."

Nje ya pazia Bi Mina akaguna, "Amekupata, kaka."

Nadhira akageuka kwa ami yake, na sauti ikatoka ileile kavu niliyoisikia nikiwa nyuma ya pazia. "Ami, siridhii."

Bakora ilimponyoka Ishaka, ikalia sakafuni. Katika miaka yake yote ya kuoza mabinti wa ukoo, hilo neno hajapata kuambiwa kwa mdomo.

"Siridhii leo," Nadhira akasema. "Simsemi vibaya. Simjui. Kama anataka, aje siku nyingine, tukae mbele yako na mbele ya Mama, nimwone akikasirika. Kisha uniulize. Nami nitajibu kwa mdomo, sitanyamaza."

Ishaka aliinama polepole akaiokota bakora. "Mama yako ameniita mbele ya Mola, wewe unanipa masharti," akasema. "Yusuf, umeniachia watu gani." Lakini alitoka akayasema maneno yale kwa Bi Ghalia kama yalivyo, hakupunguza.

Nilitegemea matusi. Bi Ghalia alikaa kitini, ameshika mapaja yake, anatazama ule mkaja mkekani.

"Mimi," alisema mwishowe, "siku walipokuja kuniuliza nilikuwa nimejaza ubuyu mdomoni. Ningefungua mdomo ningejichafua gauni. Nikanyamaza. Nje wakapiga vigelegele." Akafuta midomo kwa leso. "Miaka thelathini na kitu. Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu. Ila nilipenda niulizwe."

Alinyanyuka, akauokota mkaja mwenyewe, akauchomeka kwapani. Bi Mina akamwambia achukue na halua yake. "Halua haikai," Bi Ghalia akamjibu. "Ileni." Mlangoni akamsukuma mwanawe bega. "Twende, Mlinda Bandari. Kajifunze kukasirika."

Hatujui watarudi au hawatarudi. Kijana bado anaandika, Nadhira ameniambia, na amekiuliza kiwanda kama atarudishiwa malipo ya lile gemu. Mji wote unatucheka, watoto wakipita dirishani wanaita "Cha vifuu vya plastiki!" nao wanaiiga sauti yangu hasa. Nami huanza siku yangu kwa istighfari, kisha nachukua kofia ninayoshona nikakae chumbani kwa mwanangu badala ya uani, nijue anasema nini na watu wake. Mengi siyaelewi. Yule kipa hata mimi naona anachelewa.

Na nikitaka kumwambia neno, lolote lile, hata kwamba samaki anaungua, namwendea kwanza nikanyanyua pindo la ushungi.